Mahindi ya kuchoma Kilwa, mwaka 1331?

Hiki kitabu bado kinanichoma moyo, na tumekimaliza siku nyingi. Jina silitaji, aliyekisoma atakijua kwa hayo mahindi. Ni hadithi ya mvulana wa siku hizi anayeokota sarafu ya shaba ufukweni Kilwa Kisiwani. Anaifuta mchanga kwa kidole gumba, akiinua macho yuko mwaka 1331, magofu yamerudi kuwa majumba, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, ndiyo kwanza anashuka chomboni.

Nilimnunulia mwanangu wa darasa la tano. Kitabu cha namna hii nimekitafuta miaka. Hadithi za kurudi zamani zipo, lakini zinawapeleka watoto wetu kwenye ngome za Ulaya na askari wa mavazi ya chuma. Nani anawapeleka Kilwa? Tukawa tunasoma kila usiku, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Tulipofika Husuni Kubwa, jumba la Sultani, kwenye lile birika la pembe nane, mtoto aligoma kulala.

Halafu tukaingia sokoni. Mvulana ana njaa, anamkuta mama anachoma mahindi kwenye makaa, anayapaka ndimu na pilipili nyekundu, anamkabidhi. Zamu ya kusoma ilikuwa ya mwanangu. Akanyamaza, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mama, mwalimu si alisema mahindi yaliletwa na Wareno?"

Nikakosa la kusema. Mahindi asili yake Amerika. Columbus alivuka bahari mwaka 1492, na Mreno Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Mwaka 1331 hakuna mtu wa Kilwa aliyewahi kuona gunzi la muhindi! Hiyo pilipili nyekundu nayo imetoka hukohuko Amerika. Na si kwamba chakula kilikosekana. Walikuwa na mtama, uwele, mchele, nazi, samaki. Ibn Battuta mwenyewe aliandika alivyokirimiwa Mogadishu katika safari hiyohiyo: wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Karamu yote hiyo imeandikwa, mwandishi akaipita, akaenda kuchukua muhindi wa kituo cha daladala.

Ingekuwa mara moja ningesamehe. Lakini sura mbili mbele mvulana anajificha ndani ya mtepe, chombo cha baharini cha zamani, na mwandishi ameueleza vizuri kweli, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Anajificha chini ya nini? Magunia ya mahindi.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya kitabu. Nilisalimia, nikaeleza taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Dada aliyepokea akanikatisha: "Mama, hicho ni kitabu cha watoto tu. Watoto hawaangalii hayo." Akakata simu.

Watoto tu! Aliyeona ni mtoto. Mhariri hakuona, nami mtu mzima nilikuwa nimeshaanza kumeza mate kwa ajili ya hayo mahindi. Siku hiyo niliwaambia wenzangu kazini wote wasikinunue.

Sasa naona niliwaambia vibaya, kwa sababu ya sura ya Sultani. Ni kisa alichokiandika Ibn Battuta. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, anatoka sala ya Ijumaa. Fakiri kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa, naye anazivua na kumpa. Mwanawe anazirudisha kwa kumlipa fakiri watumwa kumi. Sultani akisikia watu wanavyomsifu, anaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mwandishi angeweza kuwaficha hao watumwa ili Kilwa ing'ae. Hakuwaficha. Mvulana wetu anamwona mmoja wao, wa umri wake, pembe begani, wanatazamana mpaka msafara unapita. Mwanangu alifunga kitabu bila neno. Asubuhi anakunywa chai akaniuliza kama yule mtoto alikuwa na mama.

Na ndiyo maana hasira imerudi upya. Mtu anayeweza kuandika vile, anashindwaje kuuliza watu walikula nini?

Basi, kinunueni. Nasema kinunueni, ila mkae na penseli. Sisi tumefuta "mahindi" kila yalipo tukaandika "mtama". Kwenye ule ukurasa wa sokoni mtama haukukaa, mtu hachomi suke la mtama na kulipaka ndimu. Mwanangu akafikiri sana, akaandika "changu wa kuchoma". Ndimu akaiacha. Pilipili akaikata kwa mistari miwili, akauliza basi la Kilwa Masoko linaondoka saa ngapi, na mashua ya kuvukia kisiwani inabeba watu wangapi.