Chancenkarte ya Ujerumani: huduma nilizolipia na thamani yake

Tangu nifike Hamburg napokea maswali mengi kutoka nyumbani Mombasa kuhusu Chancenkarte (kadi ya fursa), ile viza inayokuruhusu uingie Ujerumani kwanza ndipo utafute kazi. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, naandika hapa kama mteja. Njiani nililipa ofisi ya ushauri, ukaguzi wa shahada, akaunti ya pesa za kujikimu na kozi ya lugha. Shahada yangu ni ya biashara kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kwa mawakala wa forodha, kutoa makontena pale Kilindini.

Viza hii ilianza kutolewa Juni 2024. Ina njia mbili, na kutozijua zote mbili ndiko kunakowatoa watu pesa. Njia ya kwanza ni ya mtu ambaye shahada au cheti chake kimelinganishwa na cha Ujerumani kikaonekana kiko sawa kikamilifu. Huyo hahesabiwi pointi. Anaonyesha ulinganisho huo, pesa za kujikimu na bima ya afya. Njia ya pili ndiyo ya pointi: uwe na shahada, au mafunzo ya kazi yasiyopungua miaka miwili, yanayotambuliwa na serikali ya nchi uliyosomea, uwe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, na kupanda hadi C2), kisha ufikishe pointi sita kwa umri, uzoefu, lugha na mengineyo.

Ofisi ya ushauri niliyokwenda, ambayo jina lake silitaji, inajua njia ya pili tu. Nililipa ada ya tathmini. Bwana aliyenihudumia alikuwa mpole, akanikaribisha chai, akaanza kuhesabu. Nimepita 35 lakini sijavuka 40, pointi moja. Nimefanya kazi zaidi ya miaka mitano ndani ya saba ya mwisho, pointi tatu. “Dadangu, una nne, zimebaki mbili tu. Jiandikishe kozi yetu ya Kijerumani mpaka B1, hizo mbili utazipata.” Pointi hugawanywa hivyo kweli. Lakini hakuniuliza nilisoma chuo gani wala shahada yangu inaitwaje, na hilo ndilo swali la kwanza. Angeuliza, angejua kwamba huenda sihitaji pointi hata moja.

Kilichoniudhi zaidi ni hadithi ya nafasi 250,000 za kazi Ujerumani kwa Wakenya. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na idadi hiyo ikaenea katika habari. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha upesi: makubaliano hayana idadi wala mgao wowote. Pale ofisini bado walikuwa wakiitaja kwa vijana waliokaa kwenye benchi, wengine wameshika stakabadhi za mkopo, kana kwamba kila mmoja ana kiti chake kinachomngoja. Huko ni kuwachezea watu maisha yao. Ofisi hii naipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu hawakuzuia pasipoti yangu. Ukiona ofisi inakuahidi kazi yenyewe, si ushauri tu, angalia kwanza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kenya hairuhusu wakala wa ajira afanye kazi bila usajili huo.

Sasa niwaambie kilichonifaa kuliko vyote. Kuna hifadhidata ya bure inayoitwa anabin, ambamo Wajerumani wameorodhesha vyuo vya dunia nzima. Chuo chenye alama ya H+ kinatambuliwa, chenye H- hakitambuliwi. Chuo Kikuu cha Nairobi ni H+. Alama ya chuo peke yake haitoshi, kwa sababu shahada yenyewe nayo lazima ilinganishwe. Kama shahada yako imo na imeandikwa kuwa inalingana, unachapisha kurasa zote mbili, ya chuo na ya shahada, na kazi imekwisha. Kama haimo, unakwenda ZAB, ofisi iliyoko Bonn inayolinganisha vyeti vya nje na vya kwao. Ada ni euro 208. Maombi ni ya mtandaoni: unapandisha shahada, transkripti na pasipoti, unalipa, unasubiri. Walipotaka karatasi ya ziada waliandika wazi ni ipi. Hati niliyopata inasema shahada yangu ni sawa na ipi ya Kijerumani, bila maneno ya kuzungukazunguka. Kwa hati hiyo nikatoka kwenye hesabu za pointi moja kwa moja. Nyota tano, na hapa Hamburg naendelea kuitumia, kwa sababu mwajiri akiiona hana haja ya kuuliza chuo changu kiko wapi.

Wenye vyeti vya ufundi, kwa mfano fundi umeme aliyesoma polyteknik, msiombe ulinganisho huu wa shahada. ZAB ina hati nyingine kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, na hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye njia ya pointi.

Tukija kwenye pesa, hapa ndipo panapouma. Kwa viwango vya 2025 unatakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka, karibu shilingi milioni mbili za Kenya. Wengi huziweka katika akaunti maalumu inayozuia fedha: unaweka zote kabla ya viza, kisha ukishafika unaachiliwa fungu la kila mwezi. Zangu zilitoka sacco na kwa ndugu zangu wawili, na kila mwezi fungu likiingia nakumbuka jasho lao. Akaunti niliyotumia ilifunguliwa mtandaoni bila usumbufu, ila gharama za kutuma pesa kutoka Kenya ni juu yako, kwa hiyo tuma zaidi kidogo ili kiasi kisipungue kikifika. Nyota nne. Ukiwa na mtu anayeishi Ujerumani aliye tayari kubeba gharama zako, anaweza kutia saini ahadi rasmi mbele ya ofisi ya wageni ya huko, ile inayotoa vibali vya kuishi. Mkataba wa kibarua cha saa chache nao huhesabiwa. Lakini anayekuambia atakukopesha pesa za kuonyesha tu kisha azichukue, mkimbie. Utabaki na deni katika nchi usiyo na kazi.

Maombi ya viza yenyewe hupitia tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, ambayo tangu Januari 2025 inatumika dunia nzima. Kuitumia ni bure, ada ya viza ni euro 75. Ile ofisi ya ushauri hutoza pesa nyingi kwa kujaza fomu hiyo hiyo. Tovuti inakuuliza maswali, kisha inakutajia karatasi za kupandisha. Mimi nilipandisha pasipoti, wasifu wa kazi, barua ya kueleza natafuta kazi gani na kwa nini, hati ya ZAB, uthibitisho wa pesa na bima. Barua usiipuuze. Yangu ilitaja aina ya kampuni ninazolenga, nikaeleza ninavyojua karatasi za mizigo ya baharini na kwa nini mji wenye bandari kubwa. Karatasi zikishapitiwa ndipo unaitwa Nairobi kwa alama za vidole. Nyota nne hapa pia, kwani kungoja ni kurefu na huna wa kumuuliza katikati.

Kitu kimoja kimebadilika ambacho watu wengi bado hawajakisikia. Zamani ukinyimwa viza uliweza kumwandikia ubalozi wapitie upya bila gharama. Tangu Julai 2025 njia hiyo imefutwa. Ukinyimwa, unaomba upya na kulipa upya, au unakwenda mahakama ya utawala ya Berlin. Kwa hiyo usipeleke faili lenye pengo ukitumaini utaliziba baadaye.

Kuhusu lugha: kwa njia niliyopita sheria haikunidai Kijerumani. Nilisoma hata hivyo, masomo ya mtandaoni ya Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, na mtihani nikaufanyia Maendeleo House, Nairobi. Walimu wao wanasahihisha kila sentensi unayoandika, na bei yao ni ya juu. Naipa nyota tano bila kusita. Kampuni za mizigo za hapa zinaandikiana na mabandari kwa Kiingereza, lakini dereva wa lori na mtu wa ghala huzungumza Kijerumani, na ndio utakaokutana nao asubuhi.

Kadi yenyewe inakupa hadi mwaka mmoja. Ukiwa nayo unaruhusiwa kibarua chochote cha hadi saa 20 kwa wiki, na kazi ya majaribio ya hadi wiki mbili kwa mwajiri mmoja. Ukipata mkataba unaolingana na sifa zako, unabadilisha kibali katika ofisi ya wageni huku huku, hurudi nyumbani kuomba upya. Mimi nafanya saa zangu ghalani na nimeshaitwa kwa majaribio kwenye kampuni ya usafirishaji.

Jambo la mwisho halimo katika orodha yoyote ya viza. Mwajiri wa Kijerumani atakuomba Arbeitszeugnis, barua ya mwajiri wa zamani inayoeleza ulifanya nini na ulikifanya vizuri kiasi gani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamlazimisha mwajiri kukupa cheti cha utumishi, lakini hicho kinataja mambo machache, kama tarehe na aina ya kazi. Kabla hujaaga, mwombe bosi wako barua ndefu yenye mhuri inayotaja majukumu yako moja moja. Mimi mkuu wangu aliandika aina za mizigo niliyotoa na mifumo ya forodha niliyotumia, na maswali mengi ya usaili wangu yalitoka kwenye barua hiyo.