Mkanda wa injini: upi ununue, upi uuache dukani

Usukani ukiwa mzito ghafla unapokata kona, na chini ya boneti kukatoka mlio mkali, usikimbilie kununua pampu ya pawa stering. Mimi niliwahi kufungiwa pampu nzima, na siku ya tatu mlio ukarudi palepale. Shida ilikuwa mkanda unaoizungusha pampu hiyo: upande wa mbavu, yaani ule wenye mistari iliyoinuka, uling'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, unateleza kwenye puli (gurudumu unalopita mkanda) badala ya kuishika.

Kabla ya kutoa pesa, nyunyizia maji kidogo upande wa mbavu injini ikiwa inawaka bila kukanyaga mafuta, mikono na nguo mbali na feni. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, kuna puli iliyokaa upande, na mkanda mpya hautakusaidia kitu.

Ninaouweka namba moja ni mkanda wa EPDM, aina ya mpira wa sintetiki, kutoka kwa wanaotengeneza mikanda hasa: Gates, Bando, Mitsuboshi, Continental au Dayco. Mpira wa zamani ulipasuka ukaonekana. EPDM hupasuka kwa nadra, huisha polepole kama tairi, kwa hiyo mkanda unaweza kuonekana mzima kumbe mbavu zimeliwa. Nunua kwa namba. 6PK1870 maana yake mbavu 6, urefu milimita 1870. Usikubali "huu unakaribiana".

Wa pili ni ule wenye nembo ya gari lako. Ni mzuri, ila kampuni za magari kwa kawaida hununua mikanda kwa watengenezaji haohao, hivyo mara nyingi unalipia boksi. Magari yasiyo na tenshena, kifaa kinachoukaza mkanda, ni habari nyingine: baadhi hutumia mkanda unaovutika, na hapo nunua wa aina hiyohiyo tu.

Tenshena ikitikisika au beringi yake ikikwaruza ukiizungusha kwa mkono, chukua seti yenye mkanda, tenshena na puli zake. Kwa gari lililotembea sana, mimi ningeanzia hapa.

Mkanda usio na jina wala namba inayosomeka, uache. Wa mtumba, hata bure, usiufunge: kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri na wota pampu inayosukuma maji ya kupoza injini, ukikatika injini inachemka.

Oili ya stering isome kwenye kifuniko cha tangi lake. Magari mengine hutumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) aina ya Dexron, Honda wana yao, na mengi ya Ulaya yanataka ya kijani ya sintetiki. Ukichanganya ovyo, sili, mipira inayozuia oili kuvuja, zinaharibika. Na kama bomba linavuja juu ya mkanda, ziba kwanza, ufute puli zote, ndipo ufunge mpya. Mpira ulionyonya oili huvimba na kulainika, na hata ukiufuta, utateleza tena.