Kamera nzuri, kigurudumu kisicho na loki

Msinunue. Hilo ndilo neno nililotaka kuandika na kuliacha hapo hapo, na kwa siku kadhaa sikuwa na shaka nalo.

Nazungumzia hizi kamera za dijitali zisizo na kioo ndani, zilizovalishwa sura ya kamera za filamu: bati la juu la rangi ya fedha, ngozi nyeusi ubavuni, na vigurudumu vyenye namba zilizochongwa mahali ambapo kamera nyingine zina vitufe na menyu. Megapikseli, kasi ya fokasi, uzito, hayo yote utayasoma popote. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe lina upana wa sarafu: kigurudumu cha kulia kwa nyuma, pale kidole gumba kinapokaa, chenye alama za kutoka -3 hadi +3. Ndicho cha fidia ya mwanga, yaani cha kuiambia kamera iifanye picha ing'ae au ififie kuliko ilivyopima yenyewe. Hakina loki. Hakina kitufe cha kubonyeza kwanza ndipo kizunguke. Kimetokeza kidogo nje ya ukingo wa kamera ili kidole kikipate kwa urahisi, na kwa urahisi huo huo shati linakipata, mkanda wa suruali unakipata, pindo la koti linakipata.

Kipaimara, kanisa la huko juu Kibosho, madirisha membamba, watoto wamejipanga na nguo nyeupe. Hapo kipimo cha kamera kinaona weupe mwingi kinadhani kuna mwanga kupita kiasi, kwa hiyo kinaipunguza picha, na nyuso za watoto zinakuwa masizi. Dawa yake kila mpiga picha wa huku anaijua: weka +1. Nikaweka +1. Kati ya nyimbo na tendo la kuwekewa mikono, kamera ikining'inia kiunoni, kigurudumu kikatembea chenyewe hadi -2. Tendo lile halirudiwi. Askofu hawezi kuambiwa arudi kwa mtoto wa kwanza kwa sababu kampuni ya kamera imebana matumizi ya springi moja.

Kwa wasioona uzito wake, hesabu ni hii. Stopu ndizo namba zile za kwenye kigurudumu: ukishuka moja, unabaki na nusu ya mwanga. Kutoka +1 hadi -2 ni stopu tatu, yaani nusu ya nusu ya nusu: unabaki na moja ya nane. ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopokea, nilikuwa nimeifunga kwenye 6400, tundu la lenzi nimelichagua mwenyewe, kwa hiyo kitu pekee kilichobaki cha kamera kuchezea ni shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaruhusiwa kuingia. Ikapanda kutoka 1/60 hadi 1/500. Mwanga uliokosekana haukuingia kabisa kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Ukija kuipandisha picha ile kwenye kompyuta stopu tatu, ni sawasawa na kuwa umepiga kwa ISO 51,200, na chembechembe zinaanzia pale pale usipozitaka, kwenye ngozi nyeusi upande wa kivuli. Kanzu nyeupe inatoka safi. Mtoto ndiye anayetoka kama amemwagiwa mchanga.

Hapa lazima niwe mkweli, maana nusu ya hasira yangu ilipungua nilipoelewa vizuri. Ukiwa umeiachia kamera ichague ISO yenyewe, kigurudumu kikishuka hivyo mara nyingi kinachoshuka ni ISO na shata inabaki ilipo. Kutoka 6400 kamera inateremka hadi 800, na mwanga ulioifikia sensa ni ule ule. Picha inaonekana giza, lakini ukiwa na faili la RAW, lile lenye data ya sensa kabla kamera haijaipika kuwa JPEG, unaipandisha na inarudi karibu kama ilivyopaswa kuwa. Vivyo hivyo nje mchana: kukosea stopu mbili kwenye ISO 200 kunakupa picha ya ubora unaokaribia ISO 800, na hakuna mteja wa Moshi wala wa Paris atakayeona. Balaa ni kwa anayefunga ISO mwenyewe ndani ya jengo lenye mwanga hafifu, na kwa anayehifadhi JPEG peke yake. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Ukiivuta JPEG stopu tatu, shavu la mtu linakatika mistari mistari kama ramani.

Kwa hiyo tangu siku hiyo ISO yangu ndani ya kanisa ni ya kujichagua yenyewe, kikomo cha juu 6400, na shata isishuke chini ya 1/125. Ni bima. Lakini bima ya kitu ambacho hakikupaswa kutokea.

Swali mtakalouliza: hukuona kwenye kitundu cha kutazamia? Kamera hizi si zinaonyesha picha ilivyo kabla hujabonyeza? Zinaonyesha, ila kuna mambo mawili yanayokudanganya. La kwanza, ukitumia flashi lazima uzime lile onyesho la mwanga halisi, la sivyo kitundu kinakuwa giza tupu. Ukishatoa flashi na kusahau kuliwasha, kitundu kitakupendezeshea kila kitu hata kama unapiga usiku wa manane. La pili, mng'ao wa kitundu ukiwa umewekwa ujirekebishe wenyewe, jicho linazoea upesi na stopu moja na nusu inapita bila kuiona. Fungeni mng'ao kwenye sifuri. Wekeni histogramu ndogo, kile kijigrafu cha mwanga wa picha, kwenye kona. Na ule mstari wa fidia ubaki umewashwa muda wote, hata kama unakera kuutazama.

Sasa kigurudumu chenyewe, maana kina maradhi mawili tofauti na watu wanayachanganya. Chini ya kofia ile ya chuma kuna kijigololi au kijiulimi kinachosukumwa na springi kiingie kwenye vijishimo. Ndicho kinachotoa ule mlio wa "tik" mnaoupenda. Chini zaidi kuna miguso ya umeme inayoiambia kamera kigurudumu kiko wapi. Springi ikiwa laini, kigurudumu kinatembea kwa kuguswa. Miguso ikiwa na uchafu, kigurudumu kimetulia lakini namba kwenye skrini zinaruka. Matokeo yanafanana, matibabu hayafanani.

Kupima ni dakika tano. Tafuta ukuta wa rangi moja kivulini. ISO 400, tundu la lenzi f/5.6, shata iachie kamera. Anzia -3 uende hadi +3, mlio mmoja mmoja, ukisoma namba kwenye skrini na siyo kwenye kigurudumu. Kwa theluthi za stopu unapaswa kuhesabu vituo 19, hakuna kilichorukwa, hakuna kilichorudi nyuma. Rudi tena kutoka juu kwenda chini. Zikiruka au zikitetemeka kati ya namba mbili, ni miguso. Zikifuatana vizuri, basi chukua kitambaa cha shati, kisugue ukingoni mwa kigurudumu kwa nguvu ile ile ya mtu anayetembea. Kikisogea, ni springi, na hakuna wa kukurudishia fedha kwa sababu kimetengenezwa hivyo.

Ya kwangu ilianza kwa springi. Baadaye, kiangazi kilipokolea, na miguso ikafuata. Vumbi la ukanda wetu si la kuchezea. Shuka kutoka Moshi mjini kuelekea Kahe, au toka Arusha upande wa Kisongo Julai mpaka Septemba, utaona unga unaoelea kama moshi na kutua polepole. Chini ya kigurudumu kuna grisi nyembamba. Unga ukiingia humo unageuka tope. Wanasema kamera imezibwa isiingie vumbi. Imezibwa kwenye milango na maungio. Shimo ambamo mhimili wa kigurudumu unazunguka ni hadithi nyingine, maana kitu kinachozunguka kila siku hakikosi upenyo.

Nilirudi dukani. Sitataja duka, na jiji ni dogo. Kijana wa kaunta hakuigusa kamera. Aliitazama ikiwa mkononi mwangu, akasema, "Kaka, hiyo siyo hitilafu. Ni mkono wako mzito." Nikamwonyesha kwa kitambaa cha shati langu mwenyewe, kigurudumu kikatoka 0 kikafika -1 mbele ya macho yake. Akasema, "Hizi zimetengenezwa kwa watu wa kutembea nayo taratibu. Ungechukua ya kazi." Ya kazi! Mtu amelipa fedha ambayo Mbuyuni pale inafungua genge la mitumba, halafu anaambiwa alichonunua ni cha kupambia shingo. Hasira yangu yote juu ya kamera hii ina sauti ya yule kijana ndani yake, nakiri, na huenda nimeihukumu kamera kwa makosa yake.

Maana mafundi wa kuitengeneza hapa ndiyo tatizo jingine. Msiwape mafundi wa simu, hata wawe wazuri namna gani. Wao dawa yao ni thina na hewa ya moto. Thina inayeyusha grisi ya springi, inateremka na uchafu ndani zaidi, na ikigusa plastiki ya kitundu inaiachia ukungu usiofutika. Msipulizie kwa kompresa ya kujazia upepo wa matairi, ile ina maji na mafuta ndani. Wala msifungue bati la juu nyumbani: kamera yenye flashi ya ndani ina kapasita inayobaki na mamia ya volti hata betri ikiwa mezani.

Kinachofaa ni hiki. Zima kamera, toa betri, igeuze juu chini ili uchafu uanguke nje. Pulizia pembezoni mwa kigurudumu kwa pampu ya mpira ya mkono, ile ya kusafishia sensa, huku ukikizungusha kutoka mwisho hadi mwisho mara thelathini au arobaini. Kuzungusha huko ndiko kunakosugua miguso. Fuata na burashi laini kavu. Kwangu namba zilitulia, na nikirudia kila baada ya safari ya vumbi zinabaki zimetulia. Zisipotulia, ni ya kupeleka kwa fundi wa kamera hasa, mwenye bisibisi za saizi yake.

Kwa springi laini, tiba ni kukizuia kwa nje. Tepu nyeusi ya kitambaa, kipande cha milimita 5 kwa 15, nusu kikae ukingoni mwa kigurudumu na nusu kwenye bati. Siyo tepu ya umeme: jua la saa saba likiipiga gundi inayeyuka na kukaa kwenye meno ya kigurudumu. Nyingine ni pete nyembamba iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa milimita 2, inayovalishwa kukizunguka kigurudumu ili chini yake iguse bati na kukikaza. Hii naipenda zaidi kwa sababu bado unaweza kukizungusha ukikusudia. Na mkanda: ninginiza kamera lenzi ikielekea mwilini. Mgongo wa kamera, ambako kigurudumu kimetokeza, unakaa nje na haukwaruzi nguo. Kama skrini yake ni ya kukunja, igeuze ndani.

Kuna na herufi C mwishoni mwa kigurudumu. Ukikiweka hapo, fidia inahamia kwenye kigurudumu kingine cha mbele. Inasaidia, lakini basi umenunua kamera ya kizamani na kuitumia kama ya kisasa, na kile kilichokufanya uipende umekizima.

Na niliipenda. Naipenda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, simama mahali popote pa wazi Moshi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko nje yote, mita 5,895, theluji inapokea jua wakati migomba ya chini bado ni kivuli. Kamera inaangalia migomba, inadhani kuna giza, inaipandisha picha, na theluji inaungua ikawa karatasi nyeupe. Kidole gumba kinasogea mara tatu, tik tik tik, uko -1, theluji ina mikunjo yake na wala jicho halijatoka kwenye kitundu. Hakuna menyu. Hakuna kutafuta kitufe gizani. Dakika kumi baadaye mwanga umebadilika, kidole kinarudi mara mbili. Sijashika kamera nyingine inayonipa hilo kwa wepesi huo, na ndiyo maana lile "msinunue" la juu silifuti lakini pia silisimamii.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya kiwandani ipo na inajulikana. Nikon Df ya mwaka 2013, nayo ya sura ya kizamani ingawa ile ina kioo ndani, ilikuwa na kitufe cha kubonyeza katikati ya kigurudumu cha fidia. Ukibonyeza kinazunguka, ukiachia kimekufa. Watu waliilalamikia kuwa inachelewesha. Heri ichelewe! Au wafanye kama wanavyofanya kwenye vigurudumu vya ISO vya baadhi ya kamera hizi hizi, bonyeza kimefunga, bonyeza tena kimefunguka, na kila mtu achague mwenyewe.

Ukiwa wa kupiga milima, mitaa, watoto wako nyumbani, nunua, na uvalishe ile pete ya mpira siku hiyo hiyo kabla hujatoka nayo. Ukiwa wa harusi na vipaimara, usiende nayo peke yake. Ya kwangu sasa ina mpira mweusi wa tyubu juu ya bati la rangi ya fedha, unaonekana toka mbali, na nimeukata mwingine wa akiba upo kwenye mfuko wa betri.