TAHADHARI: Muuza visu wa begi jeusi, Makoroboi na soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza. Amenitapeli visu 7 vya kikundi

Ndugu zangu wa vizimba vya samaki, wa mitumbwi, wa mwaloni, na wewe unayetafuta tu kisu imara cha kazi, soma hii kabla hujamrushia mtu hela. Nimekaa kimya siku 9 kwa aibu. Leo asubuhi nimepigiwa simu kwamba jamaa kaonekana Igoma na begi lilelile, anapanga visu vyake juu ya kitambaa kama kawaida. Nikasema basi. Aibu nibaki nayo mimi, lakini mtu mwingine asikatwe mkono.

Wa kikundi chetu cha vizimba vya sato mnajua kwa nini tulikuwa tunatafuta visu. Tulikubaliana kila anayeshuka kwenye kizimba awe na kisu chake kisichokunjwa, ndani ya ala, kila siku ya kazi. Vya kukunja vimetutesa vya kutosha. Magamba na mchanga vinaingia kwenye bawaba, na siku kamba imekukaba mguu ndiyo siku kinakataa kufunguka. Nikakabidhiwa mimi hela, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabishana nao kila kikao kuhusu visu. Wenzangu waliniamini. Hilo linaniuma kuliko hela yenyewe.

Sasa nieleze ilivyokuwa, maana najua kuna watu watasema nilikuwa na tamaa ya bei chee. Sikuwa na tamaa. Kisu kimoja alitaja elfu 45. Hiyo si bei ya kutupa. Kwa hela hiyo ningepata visu vya jikoni zaidi ya vitano.

Nilikuta picha zake kwenye kundi la wauza vifaa, nikampigia. Aliniamkia shikamoo, ingawa hatupishani sana umri. Kitu cha kwanza hakunitajia bei. Aliniuliza, "Kaka, kisu ni cha kazi gani? Cha kupara samaki, cha kamba, au cha shambani?" Nikamwambia vizimba vya sato, upande wa Luchelele. Akaniambia mtu wa vizimba asichukue kisu chenye ncha kali kama mkuki, kitamtobolea nyavu na sato watoke. Achukue chenye ncha ya mviringo, urefu wa makali kama sentimita 10, unene usiopungua milimita 3. Akaniambia ala ya ngozi kwenye mtumbwi ni ugonjwa, inanyonya maji na damu ya samaki, kisu kinalala humo usiku kucha na kuamka na kutu. Chukua ala ya plastiki yenye tundu chini, maji yatoke.

Jamani, hayo yote ni kweli! Mpaka leo ni kweli. Ndiyo maana nilimwamini. Mtu anayejua kazi yako hivyo unamtilia shaka ya nini?

Tukakutana Makoroboi, saa nne asubuhi, mbele ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilikwenda na mzee mmoja wa kikundi. Jamaa alimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, wakaulizana ukoo kidogo, akasema kwao ni Magu. Mzee akalainika palepale. Kisha akatoa kisu kimoja kwenye begi, mpini wa mbao nyeusi, ribiti tatu za shaba, na mgongoni mwa mpini unaona ukanda wa chuma unatembea mpaka kwenye kitako. Akanielekeza kwa kidole: "Ona kaka, chuma ni kimoja, kinapita mpini mzima. Hiki hakitoki hata ukikipigilia nyundo." Na kweli akakilaza juu ya gogo, akakigonga mgongoni kwa kipande cha nondo, kikapasua gogo. Nilikishika mwenyewe. Kizito, kimetulia mkononi. Akachukua kamba ya manila ya milimita 16, akanipa nikate. Mara moja tu. Akaninyoa nywele za mkono kwacho. Akatoa sumaku mfukoni, ikanata. "Chuma halisi hiki kaka, si bati." Akanionyesha maandishi bapani mwa kisu, chapa ya visu vya Sweden: Mora, Made in Sweden. Nikamuuliza kutu, akasema hiki ni kaboni, hakishiki kutu maisha yako yote.

Nikasikia hilo neno la kaboni likapita sikioni. Nililisikia. Sikulishika. Nitalirudia.

Halafu akanifanyia jambo lililonimaliza kabisa. Wakati nahesabu hela, akanizuia mkono, akasema: "Kaka, nikushauri kama ndugu. Usikivae kiunoni kwenye daladala. Kiweke ndani ya boksi la vifaa, pamoja na koleo na kamba zako, ukifika ziwani ndiyo unavaa. Polisi akikuuliza, kitambulisho cha kikundi kiwe karibu." Na hilo pia ni kweli. Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na kisu cha kazi kikining'inia kiunoni stendi ya Nyegezi saa mbili usiku nani atakuelewa? Hakuna mtu aliyewahi kuniuzia kisu akanieleza hayo. Nikamwona ni mtu mwenye hofu ya Mungu.

Akasema kile cha mkononi ni cha maonyesho, kimeshagongwa sana, nichukue vipya ambavyo vimefungwa. Akatoa maboksi 7. Akafungua moja, kisu kinang'aa, kina mafuta, mpini uleule, ribiti zilezile, maandishi yaleyale. Akaninyoa tena nywele. Mengine akasema nisifungue nailoni mpaka siku ya kuvitumia, nikifungua mapema mafuta yanakauka na dhamana inakufa. Akapunguza, 280,000 kwa vyote 7. Nikamrushia kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikamtazama. Akacheka, "Laini ya mke wangu hiyo kaka, yangu imejaa." Nikabonyeza namba ya siri.

Ndugu zangu, nilibonyeza mwenyewe, na mzee yuko pembeni yangu.

Siku ya kumi na moja tangu tuanze kuvitumia, usiku kulikuwa na upepo, asubuhi tukakuta gugu maji limekuja kama kisiwa, limelalia kizimba cha tatu na kuvuta kamba ya nanga. Kijana wetu akainama kwenye ukingo wa mtumbwi kukata kamba ya pembeni ili tukigeuze kizimba. Akaweka kisu, akavuta mara ya kwanza, ya pili, kamba haikatiki, kisu kimeshakuwa butu kama kijiko, kisu cha siku kumi na moja! Akaongeza nguvu. Mpini ukabaki mkononi, makali yakageuka, yakampitia kiganja, yakazama ziwani. Nyuzi 4 kashonwa. Damu ilijaa ndani ya mtumbwi na mimi niko upande wa pili nimeshika mti wa kusukumia, siwezi kumfikia. Mama yake alikuja zahanati akaniuliza swali moja tu, "Wewe ndiye uliyemnunulia?" Sikuwa na jibu.

Nikachukua vilivyobaki, nikavipeleka kwa fundi vyuma Igogo, mzee anayefua mapanga na majembe kutokana na springi za Land Rover. Alichukua tupa, akasugua kwenye makali. Tupa ikala chuma kama inakula muhogo. Akasugua panga lake mwenyewe, tupa ikateleza juu kama iko kwenye kioo. Akaniambia chuma kilichopikwa na kuzimwa vizuri tupa haikikamati hivyo. Hiki hakijapikwa kabisa, ni chuma laini kimenolewa tu.

Kisha akapasua mpini. Mkia wa chuma ulioingia ndani ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba changu. Sentimita 4. Umezamishwa kwenye gundi ya njano. Ule ukanda unaoonekana mgongoni mwa mpini na kwenye kitako ni kipande cha bati kilichopachikwa peke yake, kikasuguliwa mpaka kikang'aa sawasawa na kisu. Ribiti mbili kati ya tatu ni vichwa vitupu vilivyogandishwa, hazipiti popote. Tukapasua cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, hivyohivyo. Mtu alikaa chini akatengeneza uongo huo kwa mkono wake, kimoja kimoja, akijua kabisa kitaenda kwa mtu anayekata kamba juu ya maji.

Nilimpigia. Mara ya kwanza alipokea, akasema nimekitumia vibaya, kisu si shoka. Nikamwambia kijana kaumia. Kimya. Akakata. Tangu hapo namba haipatikani, na ile ya "mke" haipatikani.

Nataka huyu mtu akamatwe. Si kurudisha hela tu. Afikishwe mahakamani asomewe, kijana aonyeshe kiganja chake mbele ya hakimu, na kule anakotengenezea vipatikane. Nimechukua RB (namba ya taarifa ya polisi) kituoni, namba zote mbili za simu nimewapa polisi na nimezituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Bidhaa yenye chapa bandia ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, na huko pia natafuta njia ya kufika. Na nasema wazi kwa vijana wa mwaloni: mkimwona msimguse. Msimpige, msimchome. Nimeshasikia wenye maneno hayo. Mkimpiga atageuka yeye mwenye kesi, na sisi tutaonekana wahuni. Piga picha, piga simu polisi, mzuieni kwa maneno, mwambieni mnataka visu ishirini, atakaa mwenyewe kwa tamaa yake.

Jina alilonipa siliandiki hapa, si jina lake, na lipo la watu wengi wasio na kosa.

Mmeniuliza kwenye simu nilipaswa kugundua nini. Mengi, na mengine najilaumu. Kaboni isiyoshika kutu, hilo peke yake lilitosha. Chuma cha kaboni hushika kutu, ndiyo tabia yake, lazima ukifute na kukipaka mafuta. Kisichoshika kutu kina kromiamu, na hata hicho ukikilaza na damu ya samaki kitapata madoa. Mtu hawezi kukuuzia vyote viwili kwenye kisu kimoja. Na hiyo Mora, nimekuja kuuliza kwa wanaojua: ile ya bei ya chini, Companion, mpini wake ni plastiki na mpira, wala mkia wake wa chuma haufiki mwisho wa mpini, na bado ni kisu kizuri. Inayofika mwisho ni Garberg, nene milimita 3.2, na haiuzwi kwa bei ya begi. Ya mbao nyeusi na ribiti tatu kama zile alizitoa wapi?

Sumaku haithibitishi kitu. Inanata kwenye chuma laini, inanata kwenye chuma kigumu, inanata hata kwenye visu vingi visivyoshika kutu. Kunyoa nywele nako vilevile, chochote kikinolewa vizuri kitanyoa asubuhi hiyo. Kazi ni kukaa na makali. Nendeni na tupa ndogo, sugueni kidogo karibu na mpini. Muuzaji akikataa, ondokeni. Na kisu kinachokata kamba mbele yako ndicho unachokibeba. Ningesema tu "nipe hichohicho cha maonyesho" ningejua kila kitu, maana asingenipa. Na jina la kwenye simu. Jina, jina, jina. Likitokea tofauti, usibonyeze.

Yule fundi wa Igogo anatufulia sasa visu vipya vya springi, ncha ya mviringo, mpini wa mpingo, ribiti tumesimama tukaona zinapigwa zikatokea upande wa pili. Vitashika kutu, tunajua, tutavipaka mafuta. Elfu 30 kimoja, na hela hii natoa mfukoni mwangu, mweka hazina asiguse ya kikundi.

Mwenye kisu cha mpini mweusi chenye ribiti tatu na maandishi hayo, umenunua Makoroboi, Kirumba, Igoma au popote mwaka huu: usikitumie kwenye maji na usikitupe. Askari aliyeandika maelezo yangu anasema kila kisu ni kielelezo. Kifunge kwenye gazeti, andika siku na mahali uliponunua, na ujumbe wa muamala usiufute kwenye simu. Jumamosi saa tatu nitakuwa pale kwa fundi, wanaonijua wanajua ni wapi, halafu tunakwenda kituoni pamoja. Mpaka sasa tumefika watu 5.