Jezi ya John Barnes namba 10, vibanda vya Kongowea

Jezi nyekundu ya Liverpool inayouzwa soko la Kongowea, Mombasa, kama "orijino ya 1988" inavalika vizuri, lakini si ya mwaka huo. Ina jina BARNES mgongoni, na majina yalianza kuandikwa kwenye jezi za Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 1993/94.

Tazama jina la mdhamini kifuani pia. Crown Paints ni ya 1987/88, msimu ambao winga Barnes alitoka klabu ya Watford kwa pauni 900,000 na kutwaa ubingwa papo hapo. Candy ndiyo iliyokuwepo kwenye ubingwa wa 1990. Ukitaka yenye jina kihalali, tafuta ya Carlsberg. Mtu aliyewapangua mabeki wa Brazil pale Maracanã 1984 hastahili kukumbukwa kwa jezi ya kubuni.

Kitambaa ni poliesta nyepesi, mshono imara. Tatizo ni chapa ya maandishi: jua la Mombasa huikausha ikapasuka. Ivute kwa vidole kabla ya kulipa. Ikitoa nyufa, iache. Ifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa, uanike kivulini, pasi isiguse maandishi. Lipa bei ya jezi ya kawaida tu.