Chekechea yetu ya Pasiansi: michezo mingi, uji mwepesi

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa hiyo pesa yangu haitoki kirahisi. Hii chekechea anayosoma mjukuu wangu majirani wanaidharau, eti watoto hawarudi na madaftari yaliyojaa. Nendeni mkaone! Wanapanga vifuniko vya soda kwa rangi, wanahesabu kokoto, wanamimina maji kopo hadi kopo mpaka wajue lipi linabeba zaidi. Mtoto akikwama, mwalimu anamsemesha Kisukuma kidogo, kisha wanaendelea na Kiswahili. Sera ya Elimu ya 2014 ilitaka angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali. Haikutaka mtoto wa miaka minne aandike insha. Uji ni mwepesi mno, waongeze unga. Vyoo visafi. Ada nalipa kidogo kidogo, hawanipigii kelele.