Msumeno wa magogo umenikatia risasi kilo 27, grenda ilishindwa

Mie niko Wete, Pemba, na shughuli yangu ya pembeni ni kuyayusha risasi (ile madini nzito, si ya bunduki) na kumwaga chubwi za mishipi, vile vizito vya kuzamishia ndoana, nawauzia wavuvi wa hapa na wa Kojani. Siku zote nlikuwa nikitumia risasi za kuokoteza, vile vidude vya kubalansia matairi, vipande vya mabomba ya zamani, vitu ambavyo unavitia sufuriani tu vinayayuka. Safari hii nkaagiza Unguja nkaletewa kwa boti mche mmoja mzima, umekaa kama mche wa sabuni lakini kilo 27. Ukiuona utaudharau kwa udogo, maana risasi lita moja tu ina uzito wa kilo kumi na moja na ushei, kwa hiyo kilo 27 zote zile hazifiki hata nusu ya dumu la lita tano. Sasa unyanyue uone! Ami yangu alipokuja akauliza, "Mwanangu, hili la kaburi la nani?"

Shida ni kwamba sufuria yangu inachukua kilo nne, na jiko la gesi silo la kubebeshwa mzigo ule. Lazima ukatwe.

Nkaanza na msumeno wa chuma, ule wa uzi mwembamba. Usijisumbue. Risasi si ngumu, risasi inanata, meno yale madogo yakajaa kama mtu aliyekula kashata, robo saa nzima nakwangua na mkato haujapita unene wa kidole. Nkajaribu shoka, likazama likanasa, kulitoa ikawa kazi nyengine. Siku ya pili ndo nkafanya ujinga wa kuazima grenda kwa fundi jirani, diski ikajaa risasi ikaanza kuruka mkononi, na vumbi la kijivu likatua mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Hapo nkazima mwenyewe kabla sijagombezwa (nligombezwa vile vile). Wallahi kwa risasi grenda usiiguse, vumbi lile ukilivuta au ukilila na mkono mchafu linakaa mwilini miaka, na watoto ndo linawaharibu zaidi, linakwenda mpaka kwenye ubongo.

Usiku nkaingia YouTube. Marekani kuna watu wanajimwagia risasi za bunduki wenyewe majumbani, huko kwao ni jambo la kawaida, na kumbe na wao wanasumbuka vile vile kwa sababu vyungu vyao vya umeme vingi ni vya kilo nne na nusu au tisa na miche yao haiingii. (Wao wanaichanganya na bati na antimoni, madini nyengine, iwe ngumu, sisi wa chubwi hiyo haituhusu, ikiwa laini ndo bora.) Mmoja akawa anakata na msumeno wa kukatia miti, nkasema huyu ananchezea. Asubuhi nkenda dukani nkanunua ule wa upinde, bomba limepindwa na ukanda wa meno makubwa, inchi 24, elfu kumi na nane.

Jamani! Nliufunga mche kwenye benchi kwa kamba ya nailoni, chini nkatandika turubai, nkaupaka ukanda nta ya mshumaa, nkaanza taratibu bila kukandamiza, nauachia uzito wake wenyewe. Zikaanza kumwagika chenga kubwa kubwa kama kucha zilizokatwa, zinang'aa kama fedha, ukizitazama baada ya muda zishafifia zimekuwa za kijivu. Chenga, si vumbi, hiyo ndo tofauti yote. Kila mkato ulinchukua kama dakika nane na mapumziko ya kupangusa jasho, mikato minane nkapata vipande tisa vya kilo tatu kasoro, na kwenye turubai nkakusanya kilo nzima ya chenga ambazo nazo zinayayushwa, hakuna kilichopotea.

Kasoro zipo. Mkato ukifika katikati risasi inaubana ukanda, ntapendekeza uwe na kabari ya mti ya kuchomeka juu. Mpini ni bomba tupu la rangi, nkatoka malengelenge mawili mpaka nlipozungushia mpira wa baskeli. Skrubu ya kukazia ukanda inalegea, kila baada ya mkato mmoja unaikaza. Na ukanda wa akiba nliouziwa hapo hapo ulikuwa mfupi hauingii, kurudisha wakanambia kilichotoka dukani hakirudi. Haya.

Kuyayusha kwenyewe risasi haina makuu, nyuzi joto 327 tu, ila chenga zile zilikaa nje usiku na umande, nkazianika jua kali siku nzima kwanza. Ukitia kitu kibichi kwenye risasi iliyokwisha yayuka, tone moja la maji linageuka mvuke ghafla na sufuria yote inakurukia usoni. Bora uvianze pamoja sufuria ikiwa ya baridi. Upepo uwe mgongoni kwako, nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto, na sufuria ile isirudi jikoni maisha. Mke wangu kaitoboa msumari kwenye ukingo ili isikosewe.

Nyota nne kati ya tano, ya tano imekwenda na mpini. Nimeshamwaga chubwi za robo kilo zaidi ya thamanini na vipande viwili sijavigusa. Ningeagiza mche mwengine wiki hii, ila msumeno ami kauazima akate tawi la mkarafuu lililoangukia uani kwake, toka Ijumaa, na kila nkimpigia ananambia tawi kubwa.